Mbwa Mapajani: Faraja Isiyostahili Kuonewa Haya



Wahenga walituachia methali isemayo: Mcheza na mbwa huingia naye msikitini. Sote tunaijua maana yake. Ukimzoeza mtu au kiumbe mazoea yaliyopita kiasi, siku moja atakufuata hata mahali usipopenda akufuate. Ni onyo jema, nasi hatuna nia ya kulipinga. Hata hivyo, juma hili tungependa kuitafakari methali hiyo kwa upande ambao aghalabu hatuutazami. Lugha yetu imemfanya mbwa kuwa mfano wa kitu cha kuwekwa mbali. Tukitaka kumtukana mtu, tunamwita mbwa. Tukitaka kueleza maisha ya dhiki, twasema fulani anaishi kama mbwa. Na mbwa mwenyewe, yule alalaye nyuma ya jiko, tumempa kazi moja tu ya kubweka usiku, na mshahara wake ni ukoko wa ugali. Ni nani basi miongoni mwetu awezaye kusimama mbele ya jumuiya na kukiri kwamba kila jioni humpakata mbwa wake, na kwamba kwa kufanya hivyo hupata utulivu wa moyo?

Maoni yetu ni kwamba mtu huyo asione haya. Na tunayasema haya tukiwa na deni la kulipa, kwa maana tuliwahi kumwaibisha mmoja wa namna hiyo.

Katika mojawapo ya vigango vyetu yupo mzee aliyefiwa na mke wake baada ya ndoa ya miaka mingi. Watoto wake wako mjini, kila mmoja na shughuli zake. Hawakumtupa; hutuma fedha, na hupiga simu kila Jumapili. Aliyebaki naye nyumbani ni mbwa wa kawaida, wa rangi ya udongo, ambaye marehemu alikuwa akimlisha kwa mkono wake. Jioni moja tulikwenda pamoja na katekista kumpelekea Komunyo. Tulimkuta ameketi juu ya mkeka barazani, mbwa amelaza kichwa mapajani pake, naye anampapasa taratibu nyuma ya masikio huku akimsemesha kwa sauti ya chini. Alipotuona alimsukuma mbwa kwa haraka, akakung'uta nguo zake, akasema: "Mniwie radhi, Baba. Huyu amenizoea vibaya."

Tungeweza kumwambia kwamba hakuna kosa lolote. Badala yake tulicheka. Na kwa kuwa watoto wake walikwisha kutuomba tuseme naye, maana majirani walikuwa wakinong'ona kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa, tulimshauri amtoe mbwa huyo, ampe kijana wa jirani mwenye mifugo, na jioni zake azijaze kwa Rozari. Mzee alitii, kama wazee wengi wa kizazi chake wanavyolitii neno la padre. Rozari alikuwa akiisali kila siku tangu ujana wake. Hilo hatukuwa tumemwuliza.

Baada ya majuma matatu hivi katekista alituletea habari kwamba mzee hali chakula vizuri, wala haketi tena barazani. Tukamwendea. Alitujibu kwa adabu maswali yetu yote juu ya afya yake. Tulipoinuka ili tuondoke, akasema bila kututazama: "Baba, tangu mama watoto aondoke, hakuna aliyekuwa akinigusa ila yule mbwa."

Tulirudi parokiani kimya. Kesho yake mbwa alirudishwa. Kijana wa jirani hakuhitaji kubembelezwa, kwani mbwa alikwisha kumtoroka mara mbili na kukutwa alfajiri mlangoni kwa mzee. Na mara zote mbili mzee mwenyewe alikuwa amemfunga kamba na kumrudisha, kwa utii. Naye katekista, aliyekuwa amecheka pamoja nasi siku ile ya kwanza, ndiye aliyekwenda kumleta.

Wapendwa, maneno ya mzee yule yalitufanya tujiulize swali ambalo pengine nanyi hamjawahi kujiuliza: Je, kuguswa ni hitaji la mwanadamu, kama chakula na usingizi, ama ni starehe tu? Wataalamu wa mwili wanatuambia kwamba katika ngozi yetu, hasa ile yenye vinyweleo, zipo nyuzi za neva ambazo huitikia zaidi mguso wa polepole na wa upole, kama ule wa mama ampapasaye mtoto. Kuguswa kwa namna hiyo huupa mwili habari kwamba uko salama, na mwili ukipata habari hiyo hulegea. Ndiyo maana mtoto mchanga hutulia akipakatwa hata kabla hajanyonya. Hitaji hilo halikomi siku mtu anapoota mvi. Linalokoma ni watu wa kumpakata.

Ni hapa ndipo mbwa anapoingia, na tafiti za miaka ya karibuni zimetuonyesha kwamba aliyoyahisi mzee wetu barazani hayakuwa ndoto. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Afrika Kusini, Odendaal na Meintjes, walichapisha matokeo ya kipimo walichokifanya kwa watu na mbwa. Baada ya mtu kukaa na mbwa kwa utulivu, akimpapasa na kumsemesha, mgandamizo wa damu ulishuka, na katika damu ya mtu na ya mbwa pia iliongezeka homoni iitwayo oksitosini, ile ile inayopanda kwa mama anyonyeshaye. Kwa watu, homoni ya msongo iitwayo kotisoli ilipungua. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Azabu nchini Japani, wakiongozwa na Nagasawa na Kikusui, walionyesha kwamba hata kutazamana macho kwa muda mrefu kati ya mbwa na mwenye mbwa huongeza oksitosini kwa wote wawili. Walipofanya jaribio hilo kwa mbwamwitu waliolelewa na watu, hawakuona jambo kama hilo. Na mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, nchini Marekani, waliwapima wanafunzi 249. Waliopewa dakika 10 tu za kuwashika na kuwapapasa mbwa na paka walikutwa na kotisoli pungufu katika mate yao kuliko wenzao waliotazama tu au kungoja zamu.

Dakika kumi, ndugu zetu! Ni muda mfupi kuliko ule tunaoutumia kulalamikia bei ya sukari.

Tuongeze jambo jingine dogo ambalo kila aishiye nyanda za juu atalielewa mara moja. Joto la mwili wa mbwa mwenye afya ni kati ya nyuzi 38 na 39 hivi, yaani huzidi kidogo lile la mwanadamu. Katika usiku wa mwezi wa Julai, mzee mwenye baridi ya magoti ambaye mbwa amejilaza juu ya miguu yake hahitaji kusoma utafiti wowote.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo mapya yaliyoletwa na matajiri wa Ulaya. Huko Oberkassel, karibu na mji wa Bonn nchini Ujerumani, lilifukuliwa kaburi la miaka ipatayo 14,000 ambamo mwanamume na mwanamke walizikwa pamoja na mbwa mchanga. Meno ya mbwa huyo yalionyesha kwamba aliugua ugonjwa mkali uuao watoto wengi wa mbwa, na kwamba aliishi kwa majuma kadhaa baada ya kuugua. Wanasayansi walioyachunguza wanasema asingeweza kuishi hivyo pasipo mtu kumtunza, kumpa joto na maji. Mbwa mgonjwa hawindi wala halindi. Alitunzwa, basi, kwa sababu alipendwa. Hata Florence Nightingale, muuguzi mashuhuri wa Uingereza wa karne ya 19, aliandika katika kitabu chake juu ya uuguzi kwamba mnyama mdogo wa kufugwa huwa mwenzi mwema wa mgonjwa, hasa yule aliyelala kitandani muda mrefu.

Wengine watatuuliza: Je, Kanisa lasemaje? Swali ni la haki. Katika Kitabu cha Tobiti tunasoma jinsi kijana Tobia alivyosafiri na malaika Rafaeli, na jinsi mbwa alivyofuatana nao, akatajwa tena wakati wa kurejea. Mbwa huyo hafanyi muujiza wowote wala hapewi jina. Yupo tu, anatembea pamoja na malaika, na malaika haoni haya kutembea naye. Mtakatifu Roko, ambaye sikukuu yake ni tarehe 16 Agosti, huchorwa mara nyingi akiwa na mbwa kando yake, kwani mapokeo yasema kwamba alipougua tauni na kujitenga msituni, mbwa ndiye aliyemletea mkate. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2415 hadi 2418, inafundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu na tunawiwa kuwatendea kwa wema. Kwamba kuwatesa bure ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu mwenyewe. Na kwamba yafaa kuwapenda, ila tusiwaelekezee upendo uwapasao watu peke yao.

Hapo ndipo penye kizuizi, na hatutaki kukiruka. Hayati Papa Fransisko, katika katekesi yake ya tarehe 5 Januari 2022, aliwasikitikia wenzi wa ndoa ambao hukataa kuzaa watoto na nafasi yao huijaza kwa mbwa na paka. Wapo walioudhika kwa maneno yale. Sisi tunadhani alisema kweli, na ukweli huo hauipingi hoja yetu. Mbwa akiwekwa mahali pa mtu ili tusisumbuliwe na mtu, hapo pana kasoro. Lakini mzee wetu hakumweka mbwa mahali pa mkewe. Mahali pale palikwisha kuwa patupu, na sisi tuliokuwa na wajibu wa kupafariji tulifika mara moja kwa mwezi, tukiwa na haraka.

Mkumbukeni pia maskini Lazaro katika Injili ya Luka. Alilazwa mlangoni pa tajiri, na mbwa wakaja kumlamba vidonda vyake. Wako wafasiri waonao hapo kilele cha unyonge wake, na wako waonao huruma ya wanyama. Vyovyote iwavyo, jambo moja ni wazi: katika mlango ule, waliomgusa Lazaro ni mbwa. Na anayehukumiwa mwisho wa kisa si mbwa, bali ni yule aliyekuwa ndani, mezani, na hakutoka. Tuliposema kwamba mzee yule anatia aibu kwa kumpakata mbwa, tulikosea mahali aibu ilipo. Pale ambapo mbwa peke yake ndiye amgusaye mtu, aibu ni ya jirani.

Basi, tukikubaliana kwamba faraja hiyo ni njema, hatuna budi kuifanya iwe salama, maana jambo jema likifanywa ovyo huleta msiba.

Kwanza kabisa ni chanjo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa wa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, walio wengi wakiwa Afrika na Asia, na kati ya kila wahanga 10, wanne ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Karibu maambukizo yote kwa wanadamu hutoka kwa mbwa, na dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Nchi za dunia zimejiwekea lengo la kukomesha vifo hivi ifikapo mwaka 2030, na inajulikana kwamba kijiji kikichanja asilimia 70 ya mbwa wake, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Ukiumwa, au mate ya mbwa usiyemjua yakiingia katika mchubuko, osha jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje uone kama mbwa atakufa. Kumpakata mbwa asiyechanjwa si upendo, ni kubahatisha.

Pili ni minyoo. Ndugu zetu wa Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, wameteseka kwa miongo mingi kutokana na uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu, uletwao na mayai ya tegu mdogo aishiye katika utumbo wa mbwa. Mbwa humpata tegu huyo akila matumbo mabichi ya mifugo iliyochinjwa. Kwa hiyo tusimtupie mbwa maini na mapafu mabichi. Tumpe dawa ya minyoo kadiri daktari wa mifugo anavyoelekeza. Tumwogeshe na kumtoa kupe na viroboto. Tusimruhusu atulambe kinywani. Na tukishampapasa, tunawe mikono kabla ya kula.

Tatu, tumsikilize mbwa mwenyewe. Tunamkumbatia sisi tukidhani kila kiumbe hufurahia kubanwa shingoni kama sisi. Mbwa wengi hawapendi. Akigeuza uso pembeni, akijilamba midomo, akilaza masikio nyuma au akionyesha weupe wa jicho, anakuomba umwachie. Mwache aje mwenyewe. Mpapase kifuani na ubavuni. Ukiondoa mkono naye akausogelea tena, ndipo ujue kwamba amekubali. Watoto wadogo wafundishwe hivyo na wasiachwe peke yao na mbwa, hata awe mpole namna gani. Na mbwa afungwaye mnyororo mfupi mchana kutwa, tusitegemee usiku atupe upole ambao sisi hatukumpa.

Nne, tuwaheshimu majirani. Tunaishi pamoja na ndugu zetu Waislamu, na kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi. Chombo kilicholambwa naye huoshwa mara saba, mara moja ikiwa kwa udongo. Hiyo ni sheria ya usafi wa ibada, wala si ruhusa ya ukatili, maana katika Hadithi zao imepokewa habari ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Jirani akija kukutembelea, mfunge mbwa wako upande wa pili, na umkaribishe mgeni kwenye mkeka safi. Upendo kwa mnyama usimkoseshe mtu amani.

Wapendwa, tunajua wapo watakaosema kwamba padre ameishiwa mambo ya kuandika hata ameanza kuhubiri habari za mbwa. Wana haki ya kusema. Sisi tunamkumbuka mzee yule akimsukuma mbwa wake kwa haraka, na jinsi kicheko chetu kilivyothibitisha kwamba alipaswa kufanya hivyo. Ni wangapi katika jumuiya zetu ndogondogo, wajane, wagane, wagonjwa wa muda mrefu, ambao hupata faraja ndogo isiyomdhuru mtu, na kuificha kwa sababu yetu?

Kwa hiyo tunawaachia mambo mawili ya kufanya juma hili. Mwenye mbwa na amtazame mbwa wake upya: je, amechanjwa, ana maji safi, na lini mara ya mwisho aliguswa kwa mkono usiokuwa na fimbo? Jioni moja aketi naye kwa dakika kumi, simu ikiwa imezimwa, ampapase, na aone kitakachotokea moyoni mwake. Asiye na mbwa, na hata mwenye mbwa pia, achague mzee mmoja aishiye peke yake, amtembelee bila haraka. Amwamkie kwa kumshika mikono yote miwili, wala asiiachie upesi.

Sisi tulianza na yule mzee wetu. Tulipofika juzi mbwa alikuwa mapajani, na safari hii mzee hakumsukuma. Alisogea kidogo tu juu ya mkeka, ili nasi tupate nafasi ya kuketi.

Tumsifu Yesu Kristo.